Zimamoto ni Mali ya Nani?

Hapa Tabora nyumba ikiungua, lawama huenea mtaani kabla majivu hayajapoa: zimamoto wamechelewa, na walipofika gari halikuwa na maji. Maneno hayo husikika Ng'ambo, Isevya na sokoni, nami siyapuuzi, kwa kuwa aliyeunguliwa ana haki ya kusema. Hata hivyo naamini tunauliza swali dogo. Gari ni sehemu moja tu ya zimamoto; swali kubwa ni nani anayeimiliki huduma hiyo, nani anayeigharimia, na ni nani wengine wanaopaswa kuwajibika pamoja nayo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari lenye tangi la lita 5,000 limebeba tani tano za maji, na pampu inayotoa lita 2,000 kwa dakika huzimaliza kwa dakika mbili na nusu. Gari linaweza kutoka kituoni likiwa limejaa, likamwaga maji yote, na anayefika dakika tano baadaye akaapa kwamba lilikuja tupu. Maji ya tangi ni ya kuanzia kazi tu. Baada ya hapo askari hutakiwa kuunganisha mpira kwenye koki ya zimamoto iliyo kando ya barabara, na kama koki hiyo haipo, au ipo lakini imefukiwa na kifusi, kazi husimama mpaka gari liende kujaza na kurudi.

Mji ambao historia yake inalieleza jambo hili vizuri ni London. Moto wa Septemba 1666 uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87, na waliojifunza haraka kutokana na msiba huo walikuwa wafanyabiashara, kuliko watawala. Kampuni za bima zilianzishwa, na kila moja ikaunda kikosi chake cha kuzima moto, kwa sababu kila nyumba iliyookolewa ilikuwa fidia isiyolipwa. Nyumba iliyokatiwa bima ilipigiliwa kibati cha kampuni ukutani. Wengi husimulia kwamba vikosi vilitazama kibati kwanza na kuiacha iungue nyumba isiyokuwa nacho. Wanahistoria wanaitilia shaka hadithi hiyo, nami pia, kwa maana moto ulioachwa kwa jirani hauchelewi kuvuka ukuta. Maji nayo yalipatikana kwa taabu. Mabomba ya mjini yalikuwa magogo yaliyotobolewa, kwa hiyo wazima moto walichimba barabara, wakalitoboa gogo, wakachota, kisha wakaliziba tundu kwa kigingi cha mti ambacho kingeweza kung'olewa siku nyingine.

Mwaka 1833 kampuni kumi ziliunganisha vikosi vyao chini ya James Braidwood, aliyekuwa ameongoza zimamoto ya Edinburgh tangu 1824. Braidwood alisisitiza kwamba askari aingie ndani ya jengo na kuufikia moto pale unapowaka, badala ya kumwaga maji barabarani kuelekea kwenye moshi, na kwa ajili hiyo aliwafundisha watu wake kwa mazoezi ya kila mara. Tarehe 22 Juni 1861 maghala ya Tooley Street, kando ya Mto Thames, yalishika moto yakiwa yamesheheni katani, pamba na mafuta ya wanyama, na Braidwood akafa kwa kuangukiwa na ukuta. Hasara iliyofuata ilizishinda kampuni za bima, zikaiambia serikali kwamba mzigo wa kuulinda mji mzima haukuwa wao tena. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1865, na kuanzia Januari 1866 zimamoto ya London ikawa ya umma, chini ya Kapteni Eyre Massey Shaw, ambaye alipendelea kuajiri mabaharia kwa kuwa walizoea amri, kamba na zamu za usiku.

Kilichonivutia zaidi ni kilichotokea baadaye. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mabomu ya Ujerumani yalipokuwa yakiichoma miji ya Uingereza, vikosi vilitumwa kusaidiana na ikagundulika kwamba mipira ya mji mmoja haikuingia kwenye koki za mji mwingine. Mwaka 1941 vikosi zaidi ya elfu moja viliunganishwa kuwa zimamoto moja ya taifa. Vita vilipokwisha, mwaka 1948, vikarudishwa kwa serikali za mitaa. Leo London ina vituo zaidi ya 100 chini ya kamishna mmoja, na askari wamegawanywa katika zamu nne zenye majina ya rangi: Nyekundu, Nyeupe, Bluu na Kijani.

Sisi Tanzania tulikwenda njia ya kinyume. Zimamoto ilikuwa idara ya halmashauri, ikigombea bajeti na barabara, taka na masoko, hadi Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 ilipoiunda kuwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Juu kabisa yuko Kamishna Jenerali, kila mkoa una kamanda wake, na vyeo vya askari vinafanana na vya polisi, kuanzia konstebo. Nauunga mkono mpango huo, kwani mafunzo na vifaa haviwezi kutegemea ukwasi wa kila halmashauri. Lakini jeshi limekwenda wizarani, na vitu linavyovitegemea vimebaki kwingine: mabomba na koki ni za mamlaka ya maji, viwanja na vichochoro viko mikononi mwa halmashauri, na umeme, ambao lazima ukatwe kabla ya kupiga maji, ni wa TANESCO. Hata ukaguzi wa majengo, ambao kwa maoni yangu huokoa watu wengi kuliko gari lolote, wenye maduka wengi huuona kama tozo nyingine tu, wanalipa kisha wanautundika mtungi wa kuzimia moto nyuma ya magunia.

Tabora ina kisingizio kidogo kuliko zamani. Kwa miaka mingi tulitegemea Bwawa la Igombe, na kiangazi kilipokaza mgawo ulikuwa jambo la kawaida. Sasa maji ya Ziwa Victoria yamefika. Kila bomba jipya linapolazwa, diwani na mwenyekiti wa mtaa wanapaswa kuuliza koki ya zimamoto itakaa wapi, na nani ataikagua ifikapo Julai, wakati majani ya miombo yamekauka na wakulima wanachoma mashamba.

Kwa upande wetu wananchi, namba ni 114 na kuipiga ni bure. Anayepiga ataje mtaa na jina la barabara lililoandikwa kwenye nguzo zilizosimikwa wakati wa zoezi la anwani za makazi la 2022, aseme kinachoungua ni nini na kama kuna mtu ndani, kisha amtume kijana mmoja barabara kuu akalipokee gari, maana baadhi ya vichochoro vya Ng'ambo gari kubwa halipiti na dereva anahitaji kuambiwa mapema aegeshe wapi na avute mpira kupitia upande gani.