Mwenye Nyumba wa Bandari ya Dar es Salaam

Anayevuka kwenda Kigamboni asubuhi hukuta mara nyingine pantoni imesimama na haijaelezwa sababu. Akigeuza macho upande wa bahari ataiona meli ya makontena ikiingia taratibu kwenye mlango ule mwembamba, Soko la Samaki la Feri likiwa upande mmoja na Kigamboni upande wa pili, huku boti za kuvutia meli zikiwa zimeiandama kama watu wanaomshika mzee mkono. Juu kwenye chumba cha uongozaji, kando ya nahodha, amesimama rubani wa bandari, ambaye aliipanda meli hiyo ikiwa bado nje, kwa ngazi ya kamba iliyoteremshwa ubavuni. Nahodha ameivusha bahari nzima, lakini mlango huu wa Magogoni haujui kama anavyoujua rubani.

Nimeanza na rubani kwa sababu katika mjadala mkali wa bandari mwaka 2023, serikali ilipotaka kuipa kampuni ya DP World ya Dubai uendeshaji wa sehemu ya bandari, yeye hakutajwa kabisa. Tulibishana kwenye daladala, misikitini, makanisani na bungeni kuhusu swali moja, nalo ni kama bandari imeuzwa au haijauzwa. Lilikuwa swali la haki, na waliouliza walikuwa na sababu ya kuuliza. Hata hivyo, naamini tulirukia katikati ya habari, kwa kuwa wengi wetu hatukuwa tumejiuliza kwanza mamlaka inayosimamia bandari hufanya nini hasa, na ni kazi ipi kati ya kazi zake ambayo haipaswi kukabidhiwa mtu mwingine.

Bandari hii ilichaguliwa kwa utulivu wa maji yake. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga hapa katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, akafariki mwaka 1870 kabla mji haujashika. Wajerumani waliuhamishia mji mkuu wao hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891, na mwaka 1905 wakaanza kujenga reli ya kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Mlango wa bandari, ambao ndio uliokuwa ulinzi wake, ndio pia udhaifu wake: vita vilipoanza Agosti 1914, Wajerumani walilizamisha mlangoni chelezo lao wenyewe la kutengenezea meli, lililokuwa likielea, ili kuuziba, na bandari nzima ikawa kama chumba kilichofungwa kwa komeo.

Baada ya vita likaja jambo ambalo ningependa lifundishwe katika kila shule ya sekondari. Machi 1921 Uingereza na Ubelgiji zilitiliana saini mkataba ulioipa Ubelgiji maeneo ndani ya bandari za Dar es Salaam na Kigoma, ili shehena za Kongo na za Ruanda-Urundi zipite bila kutozwa ushuru wa forodha. Kodi ya pango ilikuwa faranga moja kwa mwaka, na muda wa pango ulikuwa milele. Eneo hilo likaitwa Belbase. Wenyeji wa Tanganyika hawakuulizwa. Mwaka 1961, uhuru ukiwa mlangoni, Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba nchi huru haiwezi kufungwa na pango la milele lililotolewa na mtawala ambaye yeye mwenyewe alikuwa na dhamana ya muda tu juu ya nchi hiyo. Hakusema kwamba majirani wasitumie bandari. Shehena za Kongo, Rwanda na Burundi zinapita hapa hadi leo. Alichokataa ni pango lisilo na ukomo.

Wakati wa ukoloni hapakuwa na mamlaka ya bandari kwa maana tunayoijua. Kuanzia mwaka 1948 bandari zetu ziliendeshwa pamoja na reli za Kenya, Uganda na Tanganyika chini ya shirika moja lililokuwa na makao makuu Nairobi. Meli kubwa zilitia nanga katikati ya maji, shehena ikateremshwa kwenye matishari, matishari yakavutwa hadi ufukweni, na makuli wakaibeba mara ya pili. Kazi hiyo ilikuwa ya kibarua wa siku, na makuli hao ndio walioanzisha mgomo wa Septemba 1947, ambao kutoka bandarini ulisambaa kwa njia ya reli hadi bara. Walikuwa wamekwisha kufahamu kwamba nchi nzima inapumulia mlango mmoja. Gati tatu za kwanza za kina kirefu zilifunguliwa mwaka 1956, na Princess Margaret wa Uingereza ndiye aliyezizindua.

Mwaka 1969, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, bandari zilitenganishwa na reli, na Shirika la Bandari la Afrika Mashariki likawekewa makao makuu hapa Dar es Salaam. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda Mamlaka ya Bandari iliyojulikana kwa kifupi kama THA. Tukumbuke mzigo iliourithi. Tangu walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), ambako shehena za Zambia zilikuwa zikipitia, wajitangazie uhuru wao mwaka 1965, Zambia ilikuwa imegeuzia macho yake Dar es Salaam. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuwa limeanza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikabidhiwa mwaka 1976. Gati ziliongezwa hadi kufikia namba 11, na shaba ya Zambia ikawa jambo la kawaida Kurasini.

Mfumo wa leo ulianza tarehe 15 Aprili 2005, THA ilipogeuzwa kuwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, yaani TPA, kwa Sheria ya Bandari Namba 17 ya mwaka 2004. Mbali na Dar es Salaam, Tanga na Mtwara, TPA husimamia pia bandari za maziwa ya Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Sheria iliikusudia iwe zaidi kama mwenye nyumba: ardhi, gati, njia ya meli na huduma ya marubani vibaki mkononi mwake, na kazi ya kupakia na kupakua iweze kupewa wapangaji kwa mikataba. Upangaji wenyewe ulikuwa umekwisha kuanza, kwani gati za makontena, namba 8 hadi 11, zilikodishwa kwa kampuni ya TICTS tangu mwaka 2000, na mkataba huo ulikoma mwishoni mwa mwaka 2022.

Nitoe mfano mdogo wa jinsi tunavyochanganya mambo. Miaka kadhaa iliyopita nilimsaidia binamu yangu kufuatilia kontena lake. Kila siku alisema, "Bandari wamenikwamisha." Tulipoketi na kuzipanga karatasi juu ya meza, ilibainika kwamba hati ya kuruhusu mzigo utolewe, ambayo hutolewa na wakala wa meli, haikuwa imelipiwa, kwa kuwa wakala wa forodha tuliyemtegemea alikuwa amekaa na fedha hizo siku tisa. Ushuru ni wa Mamlaka ya Mapato, hati ni ya wakala wa meli, ukaguzi wa ubora ni wa Shirika la Viwango, na tozo ya kuhifadhi ni ya mwenye eneo ambalo kontena limewekwa. Mwananchi haoni mistari hiyo. Yeye anaona neno moja tu, "bandari", na bili inayoongezeka kila kukicha.

Kwa hiyo tukitaka kuipima TPA kwa haki, tuipime kwa yale ambayo hakuna mpangaji atakayeyafanya kwa niaba yake. La kwanza ni kina. Meli hukua kila muongo, na bandari isiyochimbwa hupitwa. Mradi mkubwa ulioanza mwaka 2017 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 345 uliziongezea kina gati namba 1 hadi 7 kufikia mita 14.5, na ukajenga gati mpya ya meli za magari, ambayo watu huiita gati sifuri. Kazi ya namna hiyo haina picha nzuri, kwa maana hakuna anayepiga picha matope yaliyotoka chini ya maji, lakini bila hiyo mkataba wowote wa uendeshaji ni karatasi.

La pili ni mkataba wenyewe. Mkataba baina ya serikali yetu na Dubai uliridhiwa na Bunge tarehe 10 Juni 2023, Mahakama Kuu kule Mbeya ikatupilia mbali shauri la kuupinga tarehe 10 Agosti, na tarehe 22 Oktoba mikataba ya uendeshaji ikasainiwa Dodoma kwa muda wa miaka 30, gati 4 hadi 7 zikienda kwa DP World na gati 0 hadi 3 zikitumika kwa pamoja. Sipingi kuwapo kwa mpangaji. Ninachokidai, na nitaendelea kukidai, ni kwamba vigezo vya utendaji alivyowekewa mpangaji na matokeo ya kila tathmini yawekwe wazi, kwa Kiswahili, mahali ambapo dereva wa lori la Tunduma anaweza kuyasoma. Kilichoifanya Belbase iwe fedheha hakikuwa ugeni wa mpangaji, bali ni kwamba wenye nyumba hawakuwahi kuonyeshwa karatasi.

Mjomba wangu alifanya kazi bandarini Tanga karibu maisha yake yote, na huko matishari yaliendelea kutumika muda mrefu baada ya Dar es Salaam kuyasahau, kwa sababu maji ya gatini yalikuwa mafupi na meli zilitia nanga mbali. TPA ilipochimba hadi kufikia mita 13, meli zikaanza kufunga kamba gatini. Alinipigia simu siku alipoiona ya kwanza. Alikuwa amekwisha kustaafu, alikuwa amekwenda kutazama tu, na alichoniambia kilikuwa kifupi: winchi ilikuwa inautoa mzigo melini na kuuweka moja kwa moja juu ya lori.