Ametamalaki

Bwana asifiwe, wapendwa.

Jumatatu jioni binti yangu alinipa daftari lake la insha nitie sahihi. Yuko gredi ya 6. Waliambiwa waandike kuhusu siku ambayo hawataisahau, naye akaandika siku tuliyomzika mjomba wake, mdogo wangu, mwezi wa nne. Katikati ya ukurasa pana sentensi hii: "Kimya kilitamalaki nyumbani kwa bibi." Mwalimu ameipigia mstari na kuweka alama ya vyema. Nikatia sahihi, nikalifunga daftari, nikaenda jikoni nikasimama tu pale mpaka chai ikafurika.

Usiku huo zamu ya kusoma Neno ilikuwa yake, na tulikuwa tumefika Zaburi ya 97. "BWANA ametamalaki, nchi na ishangilie, visiwa vingi na vifurahi." Akanyamaza kidogo. "Mama, ametamalaki? Kama kile kimya?"

Sikumjibu vizuri. Nilimwambia maana yake ni kutawala, tukaendelea. Lakini swali lake sikulala nalo vizuri, na haya ninayowaandikia ndiyo majibu niliyopaswa kumpa.

Mtoto hakukosea. Sikilizeni tunavyolitumia neno hili siku hizi. Giza limetamalaki. Ufisadi umetamalaki. Njaa, hofu, ukimya, kila kinachotuelemea tunakipa kitenzi hiki, na tumefanya hivyo kwa muda mrefu hata sikio halishtuki tena. Neno ambalo waliotutafsiria zaburi walimwekea Bwana peke yake anapoketi kutawala, sisi tumelikabidhi giza.

Na ni neno lenye ukoo mkubwa. Ndugu zake ni miliki, milki, malkia na mamlaka, wote kutoka shina moja la Kiarabu. Hata katika Kiebrania cha zaburi yenyewe, kitenzi kilichotumika ni *malakh*, wa ukoo huohuo. Ndiyo maana katika Ufunuo 19:6 ule mkutano mkubwa unapaza sauti kwamba Bwana Mungu wetu, Mwenyezi, "amemiliki." Leo kumiliki kwetu ni habari ya shamba na hatimiliki. Lakini kutawala na kuwa mwenye mali ni nduguze tumbo moja: Bwana hatutawali kama mgeni aliyetumwa kukusanya kodi. Anatawala kilicho chake.

Tena angalieni hiyo "-me-" iliyo katikati. Ukipiga simu ukaambiwa baba amelala, hukupewa habari za jana. Saa hiyo unayopiga yumo usingizini. Ukiambiwa mgeni amekaa, yuko kitini sasa hivi. Ametamalaki ni hivyo hivyo. Ameketi, na bado ameketi. Zaburi haikusema atatamalaki mambo yakitulia.

Hapo ndipo pagumu kwangu, kwa sababu mwezi wa nne hayakutulia.

Nimeikumbuka Isaya 6: "Katika mwaka ule aliokufa mfalme Uzia nalimwona Bwana ameketi katika kiti cha enzi." Uzia alitawazwa akiwa na miaka 16, akatawala Yerusalemu miaka 52. Alijenga minara, akachimba visima vingi, na 2 Nyakati 26 inatuambia kwamba alipenda ukulima, jambo ambalo limenifanya nimpende. Kisha alipopata nguvu moyo wake ukajiinua, akaingia hekaluni kufukiza uvumba ambao haukuwa wake kuufukiza. Kuhani Azaria na makuhani 80 wakamzuia. Ukoma ukamtoka kwenye paji la uso mbele yao, akaishi katika nyumba ya kutengwa mpaka kufa. Miaka 52! Wengi pale Yerusalemu hawakuwa wamejua mfalme mwingine maishani mwao.

Kiswahili kina hekima yake hapa. Enzi ni ukuu na utukufu wa mwenye kutawala, na enzi hiyohiyo ni kipindi. Tunasema enzi za ukoloni, enzi za mababu, na kila tukisema hivyo tunazungumzia kitu kilichopita. Katika makumbusho ya Lamu nilivitazama viti vya enzi vya mpingo, vilivyotiwa nakshi ya pembe, mgongo wake umesukwa kwa uzi. Vilikuwa viti vya heshima vya wakubwa na wageni wao. Vizuri mno, na vitupu. Kila mwenye kiti ana enzi zake, kisha anaondoka, kiti kinabaki. Ila Mmoja tunamwita Mwenyezi, yaani mwenye enzi, na kwake enzi haikuwahi kuwa kipindi. Isaya alipotazama mwaka ule, kiti cha Yerusalemu kilikuwa kimebadilisha mtu. Cha juu kilikuwa na mtu wake yuleyule.

Kila nyumba ina "mwaka ule aliokufa" wake. Wetu ni huu.

Laiti usiku ule ningemwambia binti yangu asome mstari mmoja zaidi kabla sijamjibu. "Mawingu na giza vyamzunguka, haki na hukumu ndio msingi wa kiti chake." Wapendwa, mtunga zaburi hakuficha giza. Amelitaja mara tu baada ya kusema nchi ishangilie. Ila ameonyesha lilipo: limezunguka kiti, halijakikalia. Anayesimama mbali kama mimi ataliona giza kwanza, maana liko upande wake, na anaweza kuapa kwamba hakuna kingine. Kwa nini mdogo wangu aliondoka akiwa na miaka 34, sijaambiwa. Nilichoambiwa ni nani ameketi, na kiti chake kimesimama juu ya nini.

Jumapili tulikwenda kwa mama. Tangu mazishi hajaomba kwa sauti. Tukisali, yeye huinamisha kichwa na kushika ncha ya leso yake mpaka tumalize. Nilimwomba binti yangu asome tena Zaburi ya 97, safari hii yote. Akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akawa anaingia wa tatu.

"Rudia hapo, mjukuu wangu," mama akasema. "Hapo kwenye giza."

Akarudia. Mama akaiachia leso, akaanza kuomba.