Kumbukumbu ya mradi: kadi ya sauti ya kinanda cha sinema

Upande wa kupigia umekamilika. Kibodi mbili, pedali na vibao vya kuchagulia sauti vinazungumza na kompyuta kwa MIDI, lugha ya ala za kielektroniki, na Hauptwerk, programu inayoigiza kinanda cha mabomba kwa sauti zilizorekodiwa, inavitambua vyote. Sasa ni zamu ya upande wa kutokea sauti. Seti ya sampuli (sauti zilizorekodiwa) niliyonayo ni ya kinanda kidogo cha mabomba cha majumba ya sinema, safu 11 tu, kila safu ikiwa mabomba ya sauti ya aina moja. Mtu angeweza kuchomeka spika mbili, akapiga, akalala. Kinalia, sikatai. Ila hakilii kama kinanda cha sinema, na sababu iko kwenye jinsi vinanda hivi vilivyobuniwa.

Robert Hope-Jones, Mwingereza aliyejiunga na kampuni ya Wurlitzer kule Marekani mwaka 1910, alikuwa fundi wa umeme wa simu kabla ya kugeukia vinanda. Inaonekana wazi katika kazi yake. Katika mfumo wake ufunguo wa kibodi haumiliki bomba. Ni swichi inayoweza kuita bomba lolote kupitia waya. Kwa hiyo safu moja ya Tibia Clausa, yale mabomba manene ya mbao yaliyozibwa juu, hutumika kama sauti ya futi 16, ya futi 8, ya 4 na ya 2 (8 ni kimo cha kawaida, 16 oktavu moja chini, 4 na 2 oktavu moja na mbili juu), na kwenye kibodi zaidi ya moja. Shika noti nne, washa Tibia kwa futi zote hizo, na unaweza kuwa umeamsha mabomba 16 ya ukoo mmoja, yote yakitikiswa na tremulanti ile ile, kifaa kinachoyumbisha upepo wa mabomba ili sauti itetemeke. (Ufunguo mmoja na mwingine vikiita bomba moja kwa wakati mmoja, bomba hulia mara moja tu, na programu nzuri hulizingatia hilo.)

Ndani ya jumba halisi kila bomba husimama mahali pake, na sauti hukutana hewani. Ukizijumlisha ndani ya kompyuta kisha ukazisukuma zote kwenye koni moja ya spika, ni kama watu 16 wanaogombania mlango mmoja. Koni inayobeba besi nzito ya Tibia ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kubeba violini laini, na moja huichafua nyingine. Tremulanti, ambayo ndiyo roho ya muziki huu, hugeuka mtikisiko wa spika nzima.

Ndiyo maana sikuhangaika na biti. Watu wakitafuta kadi ya sauti huanza na namba za ubora: biti 24 au 32, kilohezi 96 au 192. Swali langu la kwanza ni kadi ina matundu mangapi ya kutolea sauti. La pili ni idadi ya saa za ndani zinazoyaongoza kwa mapigo yake, na jibu zuri ni moja.

Hilo la saa nililipima kwa makusudi. Niliunganisha kadi mbili za USB, zote zimewekwa kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde (hapa sampuli ni kipimo kimoja cha sauti), moja ibebe mabomba ya chumba kiitwacho Main na nyingine ya chumba kiitwacho Solo. Kila kadi ina kioo chake cha kwatzi kinachopiga mapigo ya saa yake, na hakuna vioo viwili vinavyokwenda sawasawa. Zikipishana kwa sehemu 20 tu kwa milioni, hiyo ni takriban sampuli moja kila sekunde. Bafa (akiba ndogo ya sauti inayosubiri kutoka) ya sampuli 512 inamalizwa na tofauti hiyo kwa kama dakika tisa. Na kweli: mwanzoni kimya safi, ukaanza kuamini kwamba wanaolalamika wanatia chumvi, halafu katikati ya wimbo mlio mkavu wa “tak”. Baadaye mwingine. Kwenye Mac mfumo wenyewe unaweza kuunganisha vifaa viwili na kusahihisha mpishano huo. Kwenye Windows, draiva ya ASIO, njia ya haraka ya programu kuzungumza na kadi ya sauti, kwa kawaida huhudumia kifaa kimoja, na mbinu za kukwepa zipo lakini zinaongeza tabaka ambalo silitaki. Kadi mbili zilirudi kwenye sanduku. Iliyobaki mezani ni moja, yenye matundu 8 na tundu la ADAT.

ADAT ni kebo moja ya mwanga inayopitisha chaneli 8, na saa ya kadi kuu inasafiri humo humo. Nikihitaji spika zaidi nitaongeza kisanduku cha pili bila kuzua ugomvi wa saa. Lakini chaneli 8 hizo ni kwa kilohezi 48. Ukipanda hadi 96 zinabaki 4. Yaani mtu anayekimbilia namba kubwa analipa kwa kupoteza nusu ya matundu, na anapata kitu ambacho sampuli zake, kama zilirekodiwa kwa 48 kama zangu, hazina. Nimebaki 48 na sina majuto.

Mgawanyo wa sasa uko hivi. Tibia imepewa spika mbili peke yake, na noti zake zinapishana: C, D, E, F#, G# na A# zinakwenda tundu la 1, zilizobaki tundu la 2. Mafundi wa mabomba wamekuwa wakigawa masanduku yao ya upepo kwa mtindo huu tangu zamani, na faida yake hapa ni kwamba noti mbili zilizopakana hazikutani kamwe ndani ya koni moja. Matundu 3 na 4 ni ya sauti kali za Solo: Tuba, Post Horn, Kinura na Obo. La 5 lina Violini pamoja na Diapason. La 6 lina Violini Celeste, Filimbi, Klarineti na Vox Humana. Kuwatenganisha Violini na Celeste lilikuwa jambo la lazima. Celeste imepandishwa kidogo makusudi ili ikikutana na mwenzake sauti iwe na wimbi. Wimbi hilo likitengenezwa na waya linachosha, likitengenezwa na hewa kati ya spika mbili linaelea. Katika mradi mzima hakuna badiliko dogo lililonipa tofauti kubwa kama hili.

Tundu la 7 ni la zailofoni, kengele, ngoma na matoazi. La 8 ni la sabufa. C ya chini kabisa ya futi 16 iko kwenye Hz 32.7, na spika ndogo haiwezi kuisema. Inachofanya ni kupeperusha koni na kutoa zile sauti za juu yake tu. Kwa hiyo oktavu ya chini ya pedali inakwenda sabufa, nayo haipewi kitu kingine.

Kuhusu bafa nimesikia ubishi mrefu usio na sababu. Sampuli 512 kwa 48,000 ni milisekunde 10.7, muda ambao sauti hewani husafiri kama mita tatu na nusu. Mpigaji aliyekaa mita 15 kutoka kwenye vyumba vya mabomba alisubiri zaidi ya milisekunde 40 kila noti, na watu walipiga hivyo kila usiku. Kadi na draiva huongeza kidogo juu ya hesabu hiyo, lakini 512 inanitosha kabisa kwa Tibia na Tuba. Kwa zailofoni, hapana: noti za haraka zinabaki nyuma ya vidole. Nimeshuka hadi 256 na kompyuta inavumilia, mradi Wi-Fi imezimwa na Windows imekatazwa kulaza milango ya USB ili kuokoa umeme. Kebo ya zamani ya MIDI ya pini tano nayo ina mchango wake, kwani kila noti huchukua karibu milisekunde moja kupita. Noti nane za pamoja hufika zikiwa zimejipanga foleni. Kibodi ya pili nimeihamishia USB.

Jambo dogo lisilosahaulika: sauti za Windows zenyewe zielekezwe kwenye chipu ya ubao mama, kamwe zisiende kwenye kadi ya kinanda. Taarifa ya barua pepe kupitia amplifaya za Tuba si kitu cha kumtakia jirani.

Mvumo ulijitokeza mara tu amplifaya zote zilipowashwa. Ule mzito wa umeme wa ukutani, uliopanda nilipochomeka USB na kutoweka nilipoichomoa: dalili ya mzunguko kupitia nyaya za ardhi. Nimehamishia kila kitu kwenye soketi za ukuta mmoja, na kebo za kadi kwenda amplifaya ni zile za waya tatu. Umebaki mnong'ono kwenye tundu la 7 pekee, ambako amplifaya ni ya zamani na haina matundu ya kuingizia kebo za aina hiyo. Pale itaingia transfoma ndogo ya kutenganisha. Kukata waya wa ardhi, ambako wengine hukushauri kama mbinu, ni kuhatarisha maisha kwa sababu ya kero.

Usawa wa spika nimeupima kwa kelele ya waridi, mvumo wa majaribio wenye nguvu sawa katika kila oktavu, tundu moja kwa wakati, kipimo kikiwa pale kinapokaa kichwa cha mpigaji. Baada ya hapo namba nimeziacha na kusikiliza. Post Horn bado inafunika kila mtu, hata ikipunguzwa desibeli 4, na nashuku shida si nguvu bali spika yake inanielekea usoni. Nitaigeuza itazame ukuta kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha tremulanti: ya Tibia na ya Vox Humana zinakwenda kwa mwendo mmoja kwa sasa, na nataka zitofautiane kidogo ili safu mbili hizo zisitikisike kama mashine moja.