Siku Nzima na Onyesho la 14

Saa 11 alfajiri. Simu siigusi. Muswada wa riwaya yangu umefika ukurasa wa 112 na tangu juzi umegoma kwenye onyesho la 14: mhusika wangu mkuu, Zaina, anamtembelea kaka yake, wanakumbushana utoto, wanacheka, anaaga. Kurasa nne. Nazipenda mno, na hapo ndipo shida ilipo.

Saa 1 asubuhi. Nazisoma kwa sauti. Lugha tamu, lakini Zaina anatoka mlangoni akiwa yuleyule aliyeingia. Hakuja kutafuta kitu, basi hakuna wa kumnyima.

Saa 3. Natandaza kadi sakafuni, kila onyesho na kadi yake: nani anataka nini, nani anamzuia, mwishoni kimebadilika nini. Kati ya kadi na kadi naandika neno moja: "kwa hiyo", "lakini" au "halafu". Hiyo "halafu" ndiyo ninayoiogopa: matukio yanafuatana tu, hakuna linalozaa jingine. Ipo kabla ya 14, ipo tena baada yake. Naichomoa kadi, namwazia msomaji. Wala hatashtuka.

Saa 5 hadi saa 8. Naandika upya. Sasa Zaina anakuja na karatasi. Anataka kaka yake asaini ili nyumba ya baba iuzwe. Nampa kaka ukaidi, naandika ukurasa mzima wa kurushiana maneno, naufuta. (Kelele si mgogoro. Nalisahau hilo kila riwaya.) Najaribu kinyume:

"Kalamu iko wapi?"

"Hujaisoma, kaka."

"Nisome nini? Nionyeshe pa kusaini."

Anasaini amesimama, hata miwani hajavaa. Zaina amepata alichokifuata, na njia nzima ya kurudi anajiuliza kwa nini kimepatikana kirahisi hivyo.

Saa 10 jioni. Katika zile kurasa nne za utoto naokoa mistari mitatu tu, naipachika pale kalamu inapogoma kutoa wino. Iliyobaki naiweka kwenye faili la mabaki. Lina maneno mengi kuliko riwaya yenyewe.

Saa 3 usiku. Kadi ya 15 haifai tena. Zaina hawezi kwenda kwa mnunuzi akiwa na wasiwasi huu. Ataanza kwa kuifungua ile nyumba. "Kwa hiyo", hatimaye. Halafu nakumbuka: kwenye onyesho la 6 kaka aliapa kwamba nyumba hiyo haiuzwi akiwa hai. Sikulipanga hilo, ila sasa lazima Zaina akikumbuke kile kiapo.

Kesho naanzia la 6.