Hundi za Migodi na Hundi za Mbao Zikae Pamoja

Wakusanyaji wengi wa hundi za kale za Magharibi ya Marekani huzitenga za migodi na za kampuni za mbao, wakazipa za migodi heshima ya kwanza. Mimi huziweka katika albamu moja, kwa kuwa naamini kwamba biashara hizo mbili zilikuwa na hesabu moja.

Ushahidi mzuri uko Nevada. Baada ya madini ya fedha ya Comstock kugunduliwa mwaka 1859, wachimbaji walikuta mshipa mpana mno, wenye miamba laini iliyoporomoka mara tu ilipochimbwa. Mwaka 1860 mhandisi Philip Deidesheimer alibuni, katika mgodi wa Ophir, fremu za mbao nene zilizounganishwa kwa umbo la masanduku yaliyo wazi, ambazo ziliweza kuongezwa kila upande kadiri uchimbaji ulivyosonga mbele. Mbinu hiyo iliokoa migodi, lakini ilihitaji miti isiyo na idadi, na misitu ya kandokando ya Ziwa Tahoe ikawa inateremkia chini ya ardhi. Kampuni ya Carson and Tahoe Lumber and Fluming, iliyoanzishwa mwaka 1873, ilipasua magogo huko Glenbrook na kuzisafirisha mbao kwa mifereji ya maji iliyoundwa kwa ubao. Kwa sababu hiyo, hundi ninayoithamini kuliko zote ni ile iliyotolewa na mgodi kumlipa muuza mbao, kwani mgodi na msitu hukutana katika karatasi moja.

Stempu ya ushuru husaidia sana kukadiria tarehe ya hundi. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 1862 hadi tarehe 1 Julai 1883, hundi nyingi zilitozwa senti 2, na stempu ilibandikwa au ilichapwa moja kwa moja kwenye karatasi, mara nyingi kwa rangi ya chungwa. Ushuru huo ulirudi mwaka 1898 kugharimia vita dhidi ya Hispania, ukafutwa mwaka 1901. Hundi ya mwaka 1870 isiyo na stempu huulizwa maswali, ingawa huenda stempu ilibanduka tu. Anwani nayo ni dalili, maana Montana ilikuwa bado si jimbo kamili hadi mwaka 1889, na Arizona hadi mwaka 1912, hivyo hundi inayozitaja kama maeneo tu ("Territory") ni ya kabla ya hapo.

Bei hupandishwa na picha za wachimbaji na treni zilizochapwa kwenye hundi, na zaidi na saini za watu mashuhuri. Picha hizo nazipenda kwa dhati, lakini macho yangu hukimbilia upande wa nyuma, ambako kila aliyeipokea hundi aliandika jina lake kabla ya kuikabidhi kwa mwingine, hivi kwamba safari ya fedha kutoka kwa karani hadi dukani na benki inaweza kufuatwa. Matundu na mikato ya kuibatilisha hundi hayanisumbui, kwa kuwa yanathibitisha kwamba ililipwa.

Katika kuhifadhi sikubali mzaha. Hundi huingia katika mfuko wa poliesta, kamwe si plastiki laini ya PVC. Gundi na utepe wa kunata havikaribii karatasi hiyo, na stempu haibanduliwi hata ikiwa na thamani yake peke yake. Wino wa zamani wenye chuma huila karatasi polepole, kwa hiyo albamu hukaa mahali pakavu pasipo na mwanga mkali.