Hadithi ya meseji moja

Mwaka 2009 nilikua naishi Ngamiani, Tanga, mchana nauza kwenye steshenari usiku naandika riwaya. Nilishajaza kaunta buku mbili na hadithi haijafika popote. Wakati huohuo dada yangu alikua Dar kalazwa, mimba ya miezi saba na presha juu, daktari kamwambia asinyanyuke kitandani mpaka ajifungue. Jioni moja akanitumia meseji: "Mdogo wangu nitumie chochote cha kusoma, haya mabati ya dari nshayahesabu yote."

Sasa nimtumie nini? Riwaya haitumiki kwa simu. Mi nina Nokia ya tochi na vocha ya mia tano, na mnajua zile simu, unapoandika pale juu kwenye kioo kuna namba inashuka, 160, 159, 158, ukiivuka inakua meseji mbili na hela mbili. Nikaamua namwandikia hadithi ila lazima iishie kwenye meseji moja.

Nikaanza kama nilivyozoea, hapo zamani palikua na mama mmoja ambaye kila siku ya Ijumaa alikua na kawaida ya kupika, na kabla hata mama hajawasha jiko namba ishafika meseji ya pili. Nikafuta. Nikakaa nje kwenye baraza na ile simu zaidi ya saa nzima, mbu wananila, nafuta naandika nafuta, na hapo ndo nikaanza kusikia utamu ambao kwenye kaunta buku sijawahi kuusikia. "Amepika" ni herufi saba, "kapika" sita. "Ambaye" haina kazi, itoke. "Siku ya" itoke, Ijumaa inajulikana ni siku. Kila neno nililolitoa nikawa naona yaliyobaki yanasogeleana. Ikabaki hivi:

"Kila Ijumaa mama hupika wali wa watu watano, nasi tuko wanne. Leo kapika wa wanne. Kakaa jikoni mpaka giza, hajala."

Namba ikasoma 45. Nafasi ipo! Nikaongeza: "Baharini wamempata mwanawe wa kwanza." Zikabaki 7, hadithi imekamilika, nikashika kitufe cha kutuma nikasita. Nikaisoma upya bila ile sentensi ya mwisho, halafu nikaisoma nayo, nikaona nayo ndo inaua kila kitu, maana ukishajua kapatikana baharini huna tena sababu ya kukaa na yule mama jikoni. Nikaifuta, nikatuma, moyo unanidunda kabisa.

Dada kimya. Nikasema haijampendeza. Baada ya kama nusu saa simu ikalia, sio meseji, kapiga, na nyuma nasikia sauti za wanawake wanabishana. Kumbe kaisoma kwa sauti wodi nzima. Mmoja anasema huyo wa tano ni mume, kaoa kwingine, mama leo ndo kakubali. Mwingine anasema ni mtoto alizamia meli kwenda Sauzi. Kuna mama mtu mzima kitanda cha dirishani, yeye akasema, nilimsikia kwa masikio yangu: "Mama hapunguzi sufuria kwa taarifa ya mtu, mpaka aone kaburi." Wakanyamaza wote. Mi niko Tanga nimeshika simu, siwezi hata kuongea, maana kaburi halimo kwenye hadithi yangu, kaliweka yeye, na limekaa pale pale.

Miaka baadaye nilisoma kwamba Mjerumani mmoja, Friedhelm Hillebrand, alikaa na taipu mwaka 1985 anaandika sentensi za kawaida na kuhesabu herufi, akaona 160 zinamtosha mtu kusema jambo lake, na ndo kikawa kikomo cha meseji moja. Nilimshukuru kimoyomoyo yule mzee.

Dada alikaa pale siku 19 nyingine na kila jioni nilituma moja. Asubuhi naiwaza naenda kazini, mchana naigeuza kichwani huku natoa fotokopi, jioni naiandika. Kaunta buku sikuzigusa tena. Akajifungua salama, mtoto wa kike.

Nilipokwenda kumwona mwana akanionyesha daftari lake la hospitali. Simu ilikua ikijaa meseji mpya haziingii, kwa hiyo kila akitaka kufuta hadithi yangu alikua anainakili kwanza kwa peni kurasa za nyuma. Nikatafuta ile ya kwanza. Yote ipo, neno kwa neno, ila "hajala" kaikata kwa mstari mmoja.

Nikamuuliza dada, hii vipi?

"Mtu aliyekaa jikoni mpaka giza," akasema huku anamfunga mtoto kanga, "atakua kala saa ngapi?"