Wizara ilitaka namba moja: nilivyopeleka utafiti wa nishati serikalini

Swali lililotufikia chuoni lilikuwa fupi. Mahitaji ya umeme yanapanda, serikali imeshaahidi mbele ya mataifa kupunguza hewa ukaa. Je, mtambo mkubwa unaofuata uwe wa gesi, au wa jua wenye betri? Mimi ni mtafiti wa mifumo ya nishati. Kazi yangu ni kujenga modeli za kompyuta zinazotafuta njia nafuu ya kukidhi mahitaji ya umeme kwa miaka 20 au 30 ijayo. Naandika jinsi kazi hiyo ilivyofika hadi kwenye sera, nikiwalenga hasa watafiti wenzangu ambao ripoti zao huishia kabatini.

Kwanza ni suala la muda. Mkataba wa Paris wa 2015 unazitaka nchi ziwasilishe michango yao ya kupunguza gesijoto kila baada ya miaka 5, na kalenda hiyo haimsubiri mhariri wa jarida lolote. Makala ya kitaaluma yanaweza kukaa kwa wahakiki mwaka mzima, na huko wizarani rasimu imeshafungwa. Tukakubaliana kwenye timu kwamba makala tutaandika, lakini kazi ya wizara itafuata kalenda ya wizara.

Mfano mkubwa wa hilo upo. Mkutano uleule wa Paris uliiomba IPCC, jopo la kiserikali la sayansi ya tabianchi, iandae ripoti maalumu kuhusu ongezeko la joto la nyuzi 1.5. Ripoti ilitoka 2018. Ilisema kwamba ili joto lisipite hapo, hewa ukaa inayotolewa duniani ishuke kwa takriban asilimia 45 chini ya kiwango cha 2010 ifikapo 2030, na ifike sifuri halisi, yaani inayotolewa isizidi inayoondolewa hewani, karibu na 2050. Mwaka uliofuata Uingereza, kwa ushauri wa kamati yake huru ya tabianchi, ikarekebisha sheria yake ya 2008: lengo la 2050 likatoka kupunguza gesijoto kwa asilimia 80 na kuwa sifuri halisi. Serikali ndizo zilizouliza, na jibu likawakuta bado wanalihitaji.

Sasa hiyo namba moja. Mkuu wa idara ya mipango, mtu mzima aliyeona watafiti wengi wakija na kuondoka, aliniambia wazi: "Daktari, kila msomi anakuja na grafu yake. Waziri anataka namba moja." Nikamjibu, "Namba ninayo, mzee, ila naomba kwanza nikuoneshe inakotoka."

Nikafungua modeli mbele yake na kubadilisha kitu kimoja tu: kiwango cha punguzo, yaani kipimo cha thamani tunayoipa fedha ya kesho tukiilinganisha na ya leo. Ukiweka asilimia 10, gharama ya 100 itakayolipwa baada ya miaka 25 inahesabika leo kama 9. Ukiweka asilimia 5, inahesabika karibu 30. Mtambo wa gesi ni nafuu kuujenga, lakini unadai gesi ya kuchoma maisha yake yote. Wa jua unaulipia karibu wote siku ya kuujenga. Kwa hiyo kiwango kikubwa cha punguzo kinafanya gesi ya miaka ijayo ionekane kama ya bure. Hakuna teknolojia iliyobadilika pale, lakini mshindi alibadilika.

Mzee akauliza, "Hiyo asilimia 10 aliichagua nani?" Chumba kizima hakikuwa na jibu. Ilikuwa imerithiwa kutoka mpango hadi mpango. Kwangu mimi kazi ilianza hapo, kwa sababu mabishano yalihama kutoka kwenye jibu letu yakaenda kwenye dhana zilizolizaa, na dhana ni jambo ambalo afisa ana haki kamili ya kuliamua.

Ugomvi mkali zaidi ulikuwa wa makadirio ya mahitaji. Shirika la umeme lilikadiria ukuaji wa asilimia 7 kwa mwaka. Wachumi wa wizara walikuwa karibu na asilimia 4. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uihesabu. Gridi ambayo mahitaji yake ya juu kabisa, yaani kilele, ni megawati 1,000 itahitaji karibu 1,970 baada ya miaka 10 kwa kasi ya kwanza, na 1,480 kwa kasi ya pili. Hizo zinazobaki katikati ni mtambo mzima mkubwa. Na mikataba mingi ya kununua umeme ina malipo ya uwezo: mtambo ukilala bila kazi, mwenye mtambo analipwa vilevile. Ukijenga kupita kiasi, mteja analipia chuma kilichosimama, na fedha ya kujenga kitu safi zaidi haipo tena. Lakini nani atasimama mbele ya waziri aseme uchumi utakua polepole? Makadirio ya mahitaji yana siasa kuliko hewa ukaa yenyewe.

Tukaacha kubishana nani yuko sahihi. Tukatafuta hatua ambazo zingefaa kwa kasi zote mbili: kupunguza upotevu kwenye njia za umeme, kuimarisha gridi, kujenga awamu ya kwanza ya umeme wa jua, na betri za kubeba kilele cha jioni. Hayo yalipita bila kelele. Mzozo ukabaki kwenye awamu za baadaye, ambazo zinaweza kusubiri.

Hicho kilele cha jioni kilitufunza kuwasikiliza wahandisi wa chumba cha udhibiti. Modeli za aina yetu hugawa mwaka katika vipande vichache vya muda ili kompyuta isielemewe, na ndani ya vipande hivyo ile saa jua linapozama huku taa zikiwaka inaweza kumezwa kabisa. Wao wanaiishi saa hiyo kila siku. Tuliongeza vipande, wakaleta rekodi zao, na tangu hapo hawakutuita tena "watu wa nadharia", angalau si mbele yetu.

Uamuzi ninaouona mkubwa kuliko yote ni kuikabidhi modeli. Tulitumia OSeMOSYS, programu huria iliyochapishwa 2011, isiyo na leseni ya kulipia, ili vijana wa idara waweze kuiendesha bila sisi. Mwenzangu mmoja chuoni alinung'unika kwamba tunajinyang'anya kazi. Sikukubaliana naye. Waziri alipowasilishiwa matokeo, wasemaji walikuwa wale vijana, na kila swali la "je, bei ya gesi ikipanda?" walilijibu palepale kwa kubadilisha namba. Mshauri wa nje asingeaminiwa hivyo. Kuhusu fedha, kampuni moja ya vifaa ilijitolea kutufadhili. Tulikataa, na waliotulipa tuliwataja kwenye ukurasa wa kwanza.

Hazina hawakushughulika na tani za kaboni. Tuliwaonesha deni, riba, na fedha za kigeni zitakazohitajika kununua gesi katika mwaka wa bei mbaya. Kikao hicho kilikuwa kifupi kuliko vyote, na ndicho kilichofungua njia.

Mpango uliopitishwa una gesi pungufu ya ile iliyotakwa na shirika la umeme na zaidi ya ile iliyopendekezwa na modeli, kwa hoja ya kujihami dhidi ya majuma ya mawingu. Mtambo wa kisasa wa gesi hutoa chini ya nusu ya hewa ukaa ya ule wa makaa ya mawe kwa umeme uleule, hilo silikatai. Lakini methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ikivuja njiani hupasha joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule ndani ya miaka 20, na hilo niliomba liandikwe. Limo kwenye kiambatisho, pamoja na jedwali la dhana zote na kifungu kinachoitaka idara iendeshe modeli upya kila baada ya miaka 2. Vijana wameshaanza duru ijayo. Wanataka kuingiza mabasi ya umeme, na wamenitumia orodha ya takwimu wasizonazo. Ya kwanza ni saa ambazo mabasi hayo yatachajiwa.